Maji Ndani ya Mazutu: Injini za Boti Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, dizeli huitwa mazutu na petroli huitwa esanse. Majina yote mawili yametokana na Kifaransa cha wakati wa Wabelgiji, na mwaloni kila aina ya mafuta ina kazi yake. Esanse hunywewa na mota ndogo zinazofungwa nyuma ya mitumbwi ya wavuvi wa ndagala na mikeke. Mazutu ni chakula cha injini nzito zilizolala tumboni mwa maboti makubwa ya mbao na meli za chuma, zile zinazopakia saruji, unga, bia na abiria katika bandari ya Kalundu mjini humo na kushuka nazo hadi Baraka na Kalemie, au kuvuka kwenda Bujumbura na Kigoma. Ndugu wadogo wa injini hizo, wenye silinda moja, kutoka China, husaga mihogo na mahindi mitaani na kuwasha taa umeme unapokatika. Kwa hiyo maji yakiingia kwenye mazutu, si nahodha peke yake anayelia.

Mafundi wengi wakikuta maji kwenye tangi hulaumu umande, wakasema yamejitengeneza yenyewe usiku. Makala haya yanashikilia kinyume chake: karibu kila mara maji hayo yamemiminwa na mkono wa mtu, na yanazuilika nchi kavu kabla kamba ya boti haijafunguliwa.

Uzito wa jambo hili unatokana na ziwa lenyewe. Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Upande wa Uvira, milima ya Mitumba inashuka karibu wima mpaka majini, na sakafu ya ziwa inaendelea kushuka vivyo hivyo. Boti likizimika mbali kidogo na ufuko, nanga haina pa kugota. Wakati wa kiangazi upepo wa kusi huvuma kufuata urefu wa ziwa, na mawimbi yaliyoanzia mbali kusini huishia huku kaskazini. Mwenye jahazi la tanga, injini ikifa, hupandisha tanga na kutafuta njia, hata kama kuingia bandarini kutamsumbua. Zamani ziwa hili lilikuwa na matanga mengi ya wafanyabiashara wa Ujiji, na wasafiri Waingereza Burton na Speke, walipofika Uvira mwaka 1858, walikuja kwa mitumbwi ya makasia. Boti la mbao la leo halina tanga wala makasia ya kulitosha. Lina injini moja.

Jinsi maji yanavyokaa

Lita moja ya maji ina uzito wa gramu 1,000. Lita ya dizeli ina kati ya gramu 820 na 850 hivi. Maji basi huzama, na hukaa chini kabisa ya tangi, mahali palepale unapoelekea mrija unaovuta mafuta kwenda kwenye injini. Haya ni maji huru, na ndiyo rahisi kuyatoa.

Aina ya pili ni maji yaliyopigwapigwa mpaka yakawa matone madogo mno yanayoelea ndani ya mafuta. Dizeli ya namna hiyo hupoteza mng'ao wake na kuwa na ukungu, kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. Ya tatu ni maji yaliyoyeyuka, ambayo jicho haliyaoni. Kiwango cha Ulaya cha dizeli, EN 590, kinaruhusu maji yasiyozidi miligramu 200 katika kila kilo, yaani kwenye pipa la lita 200 ni kama vijiko viwili vya chakula. Hayo hayaumizi injini. Lakini mafuta yakipoa, sehemu yake hujitenga na kushuka chini kuungana na wenzake.

Uzito huo wa maji unaeleza jambo ambalo manahodha wamelishuhudia mara nyingi bila kulipatia sababu: kwa nini injini huzima mahali pabaya kuliko pote. Boti lililofungwa Kalundu siku tatu linaweza kuwa na lita mbili za maji chini ya tangi, nalo likawaka vizuri kabisa, kwa sababu mdomo wa mrija uko juu kidogo ya hayo maji. Linatoka bandarini taratibu. Likishafika kwenye mawimbi, tangi linatikisika, maji yanainuka na kuchanganyika na mafuta, na mrija unayavuta. Hapo hakuna uchawi wala mkosi wa mtu.

Hesabu ya umande

Turudi kwa umande, kwa sababu hesabu yake ni fupi na inamaliza ubishi. Chukua tangi la lita 200 lililo nusu. Juu ya mafuta kuna lita 100 za hewa. Hewa yenye joto la nyuzi 30, hata ikishiba unyevu kabisa, hubeba gramu 30 hivi za maji katika kila mita ya ujazo, maana yake lita hizo 100 zina gramu 3 tu. Ikipoa mpaka nyuzi 20 huangusha gramu moja na robo, matone yasiyofika thelathini. Kesho yake tangi halivuti hewa yote upya. Linavuta kiasi cha asilimia 3, kile kilichojikunja usiku kwa ubaridi, na kiasi hicho huleta takriban sehemu moja ya kumi ya gramu. Kwa mwendo huo, ili umande ujaze lita moja ya maji utahitaji zaidi ya miaka 25. Na hapo tumeupendelea, kwa sababu maji ya juu ya ziwa hubaki kati ya nyuzi 24 na 28 mwaka mzima, na tangi lililo ndani ya boti halipoi hivyo.

Sasa chukua bidoni la manjano la lita 20, lililokuwa la mafuta ya kupikia. Limesuuzwa ziwani, likapinduliwa dakika mbili, likajazwa mazutu. Mikunjo ya chini na mpini vimebakiza nusu kikombe cha maji, mililita 100. Mabidoni kumi ya namna hiyo yanaingiza lita nzima ndani ya tangi kwa alasiri moja.

Mazutu inayofika Uvira imeshatoka bandari za Bahari ya Hindi, ikapita kwenye magari, matangi, mapipa na mabidoni, na kila inapomiminwa hufunguliwa mlango. Wauzaji wa barabarani, ambao katika miji ya Kongo watu huwaita Kadhafi kwa kumkumbuka aliyekuwa mkuu wa Libya na visima vyake, ndio mlango wa mwisho, na si haki kuwatwika lawama zote. Wengi wao huuza walichouziwa. Ni kweli wapo wanaochanganya makusudi. Lakini hata mkweli hana muda wa kuacha pipa litulie wateja wanapopanga mstari, na katika miaka ya 2020 uhaba wa mafuta nchini Burundi uliwafanya watu wa Bujumbura kuvuka mpaka wa Kavimvira kuja kununua Uvira.

Pipa lenyewe lina hila yake. Likisimamishwa nje wakati wa masika, mvua hujaa juu kwenye kile kisahani cha mfuniko. Mchana jua hulipasha moto, hewa ya ndani hutanuka na kutoka kwa kujipenyeza kwenye nyuzi za kizibo. Mvua ikishuka, pipa hupoa ghafla, huvuta pumzi, na kinachovutwa ni yale maji yaliyotuama juu ya kizibo. Pipa linaonekana limefungwa, kumbe linakunywa. Dawa yake haigharimu kitu: lilazwe ubavu, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, kulia na kushoto, ili mafuta yavifunike kwa ndani. Kama halina budi kusimama, liegemezwe kwenye kipande cha mbao ili maji yatiririkie upande usio na kizibo.

Mafuriko yameongeza lake. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa iliifanya mito inayoshuka kutoka milimani, Mulongwe ukiwemo, kuingia mjini na kuua watu kadhaa. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likafunika nyumba za ufukweni na sehemu za Kalundu. Pipa lililolala ndani ya maji ya namna hiyo lisiaminiwe hata kama halina tundu. Lipimwe kwanza.

Ndani ya boti penyewe pa kuangalia ni pawili: kifuniko cha tangi juu ya sitaha, ambacho mpira wake ukikauka na kupasuka hupitisha kila wimbi linaloosha sitaha, na mrija wa kupumulia, ambao mara nyingi hufungwa chini mno, ukielekea kule mawimbi yanakotoka.

Maji yanavyoua pampu

Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma, mafundi walizipaka grisi nzito mashine zake kwanza. Meli ilikaa chini ya maji mpaka 1924, ikainuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikitembea kwa mvuke mpaka ilipofungwa injini za dizeli katika miaka ya 1970. Grisi ilishinda maji kwa miaka minane. Pampu ya dizeli haina kinga hiyo, kwa sababu grisi yake ni dizeli yenyewe. Ndani yake kuna vipande vya chuma vinavyosuguana kwa nafasi ya mikroni chache, wakati unywele wa binadamu una karibu 70. Mafuta yanayopita ndiyo yanayovilainisha. Maji hayalainishi. Yakipita, chuma husugua chuma, na injini ikizimwa na kuachwa nayo, kutu huanza siku hiyohiyo. Doa moja la kutu linatosha kuikamata pampu.

Kwenye nozo mambo ni makali zaidi. Ncha yake iko ndani ya chumba cha moto. Tone la maji likifika hapo hugeuka mvuke, na maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutanuka takriban mara 1,700. Ncha inaweza kupasuka, na baada ya hapo mafuta hayanyunyizwi tena bali humwagika, yakatoboa pistoni. Katika hili injini kuukuu zina heri. Pampu zake husukuma kwa nguvu ya mara 200 hivi ya kanieneo ya hewa, ilhali za kisasa zinazoendeshwa na kompyuta hufika mara 2,000, na kwa nguvu hiyo maji kidogo tu huziharibu. Anayetaka kuleta injini mpya Uvira afikirie mafuta atakayoilisha kabla hajavutiwa na bei au wepesi wake.

Adui mwingine ni kiumbe hai. Mpakani kati ya maji na mafuta huota kuvu, anayejulikana zaidi akiwa Hormoconis resinae, pamoja na bakteria wa aina nyingi. Hula mafuta na kunywa maji, nao hupenda joto kama la ziwa hili. Hujenga utando mweusi unaoteleza kama kamasi, hutoa tindikali inayokula bati la tangi, na kuziba chujio. Dawa ya kuwaua ipo, lakini maiti zao ndizo huziba chujio wiki inayofuata, hivyo dawa bila kusafisha tangi ni kazi nusu. Pasipo na maji hawaoti kabisa.

Injini inapokohoa ziwani

Dalili huja kwa mpangilio. Mlio hupanda na kushuka bila mtu kugusa gesi. Moshi mweupe hutoka. Nguvu hupungua, kisha kimya. Kosa la kwanza la watu wengi ni kuongeza gesi, la pili ni kupiga stata mfululizo mpaka betri inakufa huku pampu ikisukumiwa maji zaidi.

Linalotakiwa ni kupunguza gesi mara mlio unapoyumba na kwenda kwenye chujio la kwanza, lile lenye kikombe cha kuonea chini yake. Maji yataonekana yamekaa chini na mpaka wake ni dhahiri. Fungua koki yake juu ya chupa, acha yatoke mpaka yaje mafuta matupu, funga. Mara nyingine hilo tu latosha kufika Kalundu.

Kama tangi zima limechafuka, usihangaike nalo katikati ya mawimbi. Manahodha wenye busara hubeba bidoni moja la mazutu safi lisiloguswa kwa ajili ya siku hiyo. Mpira wa kuvuta hutolewa kwenye tangi na kutumbukizwa ndani ya bidoni hilo. Mpira wa kurudisha mafuta nao lazima uhamishiwe humohumo: injini nyingi za dizeli hurudisha sehemu ya mafuta zinayovuta, na mpira huo ukibaki kwenye tangi bidoni litakauka upesi ajabu, nawe uko katikati ya ziwa. Wengi husahau hapa.

Chujio la karatasi likishalowa maji hutupwa, halikaushwi juani. Baada ya kufunga jipya, kinachobaki ni kutoa upepo. Legeza skrubu ya juu ya chujio la pili, sukuma pampu ya mkono mpaka povu likome na mafuta yatoke mfululizo, kaza. Fanya vivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu. Kisha legeza kidogo nati za mabomba ya nozo, zungusha injini mpaka mafuta yaruke, kaza moja baada ya nyingine. Usiweke kidole wala uso mbele ya mrushuko huo. Mafuta yenye nguvu hiyo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana kama la sindano huweza kumgharimu mtu mkono. Aliyepigwa nayo apelekwe hospitali hata kama hasikii maumivu.

Baada ya kufika

Acha boti litulie usiku na mchana mzima. Kisha chomeka bomba gumu mpaka kwenye kona iliyo chini kuliko zote. Kona hiyo hubadilika kwa mzigo: boti lililopakiwa nyuma huweka maji nyuma, likipakuliwa huenda yakahamia mbele. Vuta polepole kwenye chupa za plastiki zinazoonyesha, rudia mpaka chupa ije na mafuta yanayong'aa. Ukikuta utando mweusi, hakuna njia fupi. Tangi lifunguliwe na lisuguliwe.

Mafuta yaliyotolewa hayatupwi ovyo. Yakitulia siku kadhaa, sehemu ya juu huchotwa na kupitishwa kwenye chujio la kutenganisha maji. Yakibaki na ukungu, yaendelee kusubiri. Wapo wanaomwagia spiriti ili maji yapotee. Spiriti hushika moto kwa urahisi kuliko dizeli, na haiyapotezi maji hayo: huyavusha chujio na kuyafikisha kwenye nozo. Wapo pia wanaomuuzia mwenye kinu cha jirani, na hao nadhani wanajijua.

Kama maji yamefika kwenye pampu, ipitishiwe mafuta safi saa hiyohiyo na injini iendeshwe. Ikishindikana kuwaka, pampu ijazwe dizeli iliyotiwa oili kidogo mpaka fundi afike. Kuiacha hadi Jumatatu ni kununua nyingine.

Kununua

Kipimo bora kuliko vyote kinapatikana bure: chupa ya maji ya kunywa, tupu na kavu. Kabla hujalipa, omba mafuta yachotwe kutoka chini ya pipa, si juu. Inua chupa kwenye mwanga. Mazutu nzuri hung'aa na unaona vidole vyako upande wa pili. Iache robo saa, uangalie chini kama kuna mstari. Ipo pia dawa ya kupakwa kwenye kijiti inayobadilika rangi ikigusa maji, lakini chupa inatosha. Kitambaa cha kitenge mdomoni mwa faneli huzuia taka, hakizuii maji. Vidole vinne vya mwisho vya pipa visiingizwe kwenye tangi la boti. Bidoni la mazutu lisuuzwe kwa mazutu, lisikutane na ziwa tena.

Linabaki suala la yale machafu uliyoyatoa, mchanganyiko wa maji, mafuta na utando. Desturi ni kuyamwaga pembeni mwa boti. Lakini watu wengi wa Uvira huchota maji ya kunywa palepale mwaloni, na ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga, kule Kalemie, karibu kilomita 300 kusini. Yaweke kwenye bidoni bovu, liandike jina, ulipeleke mbali na maji.